Namba Niliyoiandika Kwenye Mashine ya Mbeya

Mwenye karakana alinipigia simu asubuhi, nikiwa nyumbani Kihesa nachambua mboga. Si mtu wa maneno mengi. Aliulizia hali ya familia, akauliza kama baridi imeshaanza huku Iringa, kisha akasema shafti mbili zimerudishwa na mteja wa Ubaruku, na kabla ya hizo zilirudi nyingine tatu. Alitaka niende Mbeya nikaipime mashine yake.

"Njoo uniambie jambo moja tu," alisema. "Ni mashine, au ni mtu."

Nilijua mtu anayemsema. Karakana ile ina mashine moja tu ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, ya zamani, aliyoinunua kutoka kiwanda kilichofungwa huko Dar. Tangu ifike Mbeya imeendeshwa na fundi mmoja, mwanamume wa vilima vya nyuma ya mji, aliyenizidi kama miaka kumi. Nilimwita kaka. Yeye anachonga vyuma. Mimi natengeneza mashine zinazochonga. Nilijifunza kazi hiyo chuoni, nikaikomaza kiwandani, na kiwanda kilipopunguza watu nikaanza kuzunguka na begi langu la vipimo: Mafinga, Makambako, Mbeya, popote penye mashine ya CNC, yaani ya kompyuta, iliyochoka. Wanawake wa kazi hii ni wachache huku kwetu, kwa hiyo anayenihitaji hapati shida kunipata.

Mashine ile nilikuwa naifahamu. Miaka saba nyuma niliitwa kuipima, nikafanya kazi siku moja, nikaondoka.

Kesho yake nikapanda basi la alfajiri. Nyololo kulikuwa na ukungu, wauza mahindi ya kuchoma wakaja dirishani wamejifunga mashuka kichwani. Nilinunua hindi moja, nikalila polepole hadi Makambako, nikiwaza shafti.

Shafti zenyewe ni za mashine za kukoboa mpunga. Huko Ubaruku mpunga ukishavunwa vinu havilali, na kinu kinazunguka juu ya beringi mbili, kila moja imevishwa kwenye shafti mahali palipochongwa kwa kipimo maalumu. Pakiwa pembamba kupita kiasi, beringi inateleza na kuzunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka pamoja nayo. Inapata moto, inakula chuma, na kinu kinasimama watu wakiwa na magunia mlangoni. Pakiwa panene, beringi inabanwa hadi inaungua yenyewe. Kwa shafti ya milimita arobaini, nafasi unayoruhusiwa kukosea ni maikroni kumi na sita hivi, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene mara nne ya hapo. Shafti zilizorudi zilikuwa nyembamba.

Nilipofika karakana, upande wa Uyole, yule kaka hakuwa kwenye mashine yake. Alikuwa nje kwenye msumeno wa umeme, akikata vipande vya nondo, kazi anayopewa mtu asiye na ujuzi. Tulisalimiana. Nilimwambia ugonile, salamu pekee ya Kinyakyusa ninayoijua, akatabasamu akanijibu kwa Kiswahili kwamba yeye ni Msafwa, ila amepokea. Kisha akarudi kwenye msumeno.

Mashine ilikuwa imefunikwa turubai. Mwenye karakana, mzee wa miaka sitini na kitu aliyeanza maisha kwa kutengeneza malori, alilifunua mwenyewe huku akinieleza makosa ya fundi wake. Kwamba kila asubuhi anaiwasha mashine na kuiacha izunguke tupu nusu saa, inakula umeme bila kazi. Kwamba shafti moja anaipima mara tano, foleni inakuwa ndefu. Kwamba pamoja na mbwembwe zote hizo, bado kazi inarudi. Alisema amemwondoa kwenye mashine tangu wiki iliyopita, na kama nikimthibitishia kwamba mashine ni nzima, atamwondoa kabisa.

Nilivua koti, nikaona baridi, nikalivaa tena.

Mashine ya namna hii kisu chake kinasogezwa na skrubu ndefu iliyolala ndani, na skrubu inazungushwa na mota inayotii kompyuta. Kompyuta inahesabu mizunguko na kuamini kwamba kisu kimefika. Lakini kama kuna ulegevu mahali fulani njiani, ule ambao mafundi tunauita pleyi, basi kila skrubu inapogeuza mwelekeo inazunguka kidogo bure kabla kisu hakijaanza kusogea. Kompyuta haijui. Skrini inasema umefika, chuma kinasema bado.

Nilikaza mguu wa sumaku kwenye mwili wa mashine, nikaweka saa ya kupimia, ile yenye mshale, ncha yake ikagusa kichwa kinachobeba visu. Nikakisogeza kichwa kuelekea kwangu, hatua moja ya sehemu moja ya mia ya milimita, kisha nyingine, kisha nyingine. Mshale ulinifuata kila hatua. Halafu nikageuza. Nikabonyeza mara moja, mshale ukatulia. Mara ya pili. Ya tatu. Ya nne. Ulianza kusogea kwenye mbonyezo wa tano.

Maikroni arobaini zimepotea, na mteja ameruhusu kumi na sita. Kwa hiyo mashine ilikuwa mbovu, hilo halikuwa na ubishi, na nilifurahi kidogo kwa ajili ya yule kaka. Nilifungua skrini ya parameta, mahali ambapo fundi anaweza kuiambia kompyuta iongeze mwendo fulani kila inapogeuza ili kufidia pleyi. Nilitegemea kukuta sifuri, au namba ya kiwandani. Nilikuta arobaini.

Maana yake kompyuta ilikuwa tayari inaongeza maikroni arobaini, na juu ya hizo bado arobaini nyingine zinapotea.

Nilifungua mlango wa kabati la umeme. Ndani yake kulikuwa na kipande cha boksi kimebandikwa kwa gundi ya karatasi, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: mhimili wa kisu, pleyi, weka 40. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikumbuka siku ile ya miaka saba nyuma vizuri kuliko nilivyopenda. Nilipima, nikaona pleyi, na kazi sahihi ilikuwa kuitafuta inakotoka, kufungua vifuniko, kuchafuka oili, labda siku mbili au tatu. Lakini kufidia kwa namba kunachukua dakika kumi. Niliiandika namba, tukachonga kipande cha majaribio, kikatoka sawasawa, mwenye karakana akashangaa kwamba binti mdogo ameiponya mashine kwa kubonyeza vidole. Nilipenda kustaajabiwa. Nikasema imepona, nikapanda basi.

Namba ile si dhambi yenyewe. Kila mashine iliyozeeka ina namba kama hiyo. Lakini namba inasahihisha mahesabu tu, haikazi kilicholegea. Kisu kikiingia kwenye chuma, nguvu ya kukata inakisukuma ndani ya ulegevu uleule, na kilicholegea kinaendelea kugongana na kulika, mwaka baada ya mwaka, huku skrini ikionyesha kwamba mambo ni mazuri.

Ningeweza kubonyeza tena. Themanini badala ya arobaini, kipande cha majaribio, chai, basi. Nasema hivi kwa sababu wazo hilo lilikuja, na halikuondoka mara moja.

Nilitoka nje nikamwita yule kaka aje anisaidie. Alikuja anafuta mikono kwa kipande cha gunia. Tulifungua kifuniko cha mwisho wa skrubu. Kila skrubu ina kishimo katikati ya ncha yake. Nilitia grisi kidogo, nikabandika kijipira cha chuma pale, na ncha ya saa ya kupimia nikaiegemeza kwenye kijipira. Nikamwomba achukue mti, akisukume kichwa cha visu mbele na kukivuta nyuma kwa nguvu, bila kuwasha mota.

Alisukuma, mshale ukaenda. Akavuta, ukarudi. Skrubu nzima ilikuwa inatembea mbele na nyuma mahali ambapo ilipaswa kuzunguka tu.

"Beringi za skrubu," alisema.

"Ndiyo. Au nati inayozibana."

Aliinama akatazama mshale mwenyewe, akasukuma tena taratibu kama anayetaka kuhakikisha. Halafu akaenda kwenye kabati lake la nguo, akarudi na kaunta-buku lenye jalada jekundu lililochakaa. Alinifungulia bila maelezo. Ndani alikuwa ameandika miaka na miaka ya asubuhi: mashine ikiwa baridi shafti ya kwanza inatoka hivi, saa nne inatoka hivi, mchana hivi. Ndiyo maana aliizungusha tupu nusu saa. Uyole mwezi wa sita chuma kinalala na baridi kali, na mashine inayopata joto katikati ya kazi inatanuka na kubadili kipimo. Mahali pengine alikuwa amechora mshale kuelekea upande mmoja na kuandika: usimalize kwa kurudi nyuma, rudi mbali kwanza, kisha ingia. Yaani kwenye mkato wa mwisho alikuwa anakileta kisu kutoka upande uleule kila mara, ili pleyi iwe imeshamezwa kabla chuma hakijaguswa. Hakuna aliyemfundisha. Kwa hila hizo alikuwa ameishikilia mashine mbovu ndani ya kipimo miaka yote hiyo, hadi ulegevu ulipozidi uwezo wa hila.

Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia bosi kwamba mashine ina pleyi.

"Mara mbili," alisema. "Alinijibu kwamba dada wa Iringa alishaimaliza."

Alisema bila lawama, kama anavyosema mtu habari za hali ya hewa. Nafikiri hakujua nilichofanya mara ile. Nilimpeleka kwenye kabati la umeme nikamwonyesha kipande cha boksi, nikamweleza namba ile inafanya nini na haifanyi nini, na kwamba kilicholegea kingeweza kukazwa mara ile kama ningefungua kifuniko hiki tulichofungua sasa. Alisikiliza hadi mwisho. Akakuna shavu, kisha akaniuliza kama beringi hizo zinapatikana Dar au lazima ziagizwe nje.

Hicho ndicho alichosema. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Swali lile lilinichoma zaidi.

Mwenye karakana alikuwa ofisini kwake na chupa ya chai na kikombe kimoja. Nilibaki nimesimama.

"Uliniuliza kama ni mashine au ni mtu," nilimwambia. "Ni mtu. Lakini si huyo wako. Ni mimi."

Nilimweleza yote. Alinitazama muda mrefu kwa macho yale ya mafundi wa malori, wanaosikiliza injini kabla ya kufungua boneti. Aliniuliza kwa nini sikufungua kifuniko mara ile. Nilimwambia nilitaka kuonekana mjuzi, na kwamba nilikuwa na haraka ambayo haikuwa na sababu. Aliniuliza tena kama fundi wake alikuwa anaijua shida hiyo. Nilimwambia kwamba fundi alimweleza yeye mwenyewe mara mbili.

Aligeuza kikombe chake kwenye meza. "Tengeneza," alisema mwishoni. "Maneno baadaye."

Tulifungua mashine mchana ule, mimi na yule kaka, na kazi ya msumeno ikabaki imelala. Nati ya kufungia ilizunguka kwa vidole, jambo linalotisha. Beringi zilikuwa na alama za kugongwa kwenye njia ya vipira vyake, na tulipofuata bomba la oili tukakuta limeziba, grisi ya zamani imeganda na vumbi la chuma ikawa kama ugali uliochacha. Oili haikufika pale, nani ajuaye tangu lini. Tulilisafisha kwa waya na mafuta ya taa hadi likatoa tone safi. Beringi mpya niliziagiza Dar, zikaja kwa basi siku ya tatu, tukazifunga jioni ile. Siku zile za kungoja tulizitumia kusafisha na kukaza kila kitu kingine kilichohusika, na nilimfundisha kufungua skrini ya parameta, ambayo hakuwahi kupewa neno lake la siri. Niliandika lile neno kwenye kaunta-buku lake.

Nililala kwa dada wa mume wangu, kule juu kidogo ya barabara. Siku ya nne nilichelewa kwa sababu ya ukungu, na nilipofika nilisikia mashine tayari inazunguka. Nikadhani ni yule kaka. Ilikuwa ni mwenye karakana, amesimama mbele ya mlango wa kioo na mikono nyuma, akiitazama ikizunguka tupu. Yule kaka alikuwa amekaa kwenye ndoo pembeni, anakunywa uji. Sikuuliza nani alisema nini. Mzee aliniambia tu kwamba amesikia chuma cha Uyole kinahitaji kuamshwa mapema.

Mashine ilipopata joto tulipima upya, mwanzo wa skrubu, katikati na mwisho. Mwanzo na mwisho mshale ulifuata karibu kila mbonyezo. Katikati, ambako kazi nyingi imefanyika tangu mashine ikiwa changa, skrubu yenyewe ilikuwa imelika kidogo, na hilo halirekebishiki bila skrubu mpya. Tulibishana hapo. Mimi nilitaka namba ya kufidia iwe ile tuliyoipima katikati, yule kaka akataka ndogo zaidi ili isizidishe kwenye ncha, na kidogo kitakachobaki atakimeza mwenyewe kwa kuingia kutoka upande mmoja. Alikuwa sahihi. Tuliweka maikroni sita. Safari hii tuliandika pia kwenye boksi jipya tulipima wapi, kwa nini sita, na kitu gani bado kimelika.

Shafti zilichongwa tano. Yule kaka aliiacha kila moja ipoe hadi joto la chumba kabla ya kuipima, hata mzee alipokuwa amesimama nyuma yake. Kila mkato wa mwisho ulikuwa na kina kilekile, kisu kilekile, upande uleule. Nilipima na maikromita yangu baada yake, na hatukutofautiana. Zote tano zilikuwa ndani ya kipimo, na kati ya nyembamba kuliko zote na nene kuliko zote kulikuwa na maikroni saba.

Mteja alikuja mwenyewe kutoka Ubaruku, mama mwenye vinu viwili, mchangamfu, amefunga beringi yake mpya kwenye kanga kama mtu aliyebeba mayai. Hakutaka kusikia habari za maikroni. Alitaka kuona. Alijaribu kuivisha beringi kwa mkono, ikakataa. Yule kaka akaipasha moto kwenye bati la oili, akaichukua kwa koleo, ikateremka kwenye shafti taratibu hadi bega lake, pale shafti inapoanza kuwa nene, na kutulia pale. Ilipopoa, mama aliishika kwa mikono miwili akajaribu kuizungusha juu ya shafti. Haikuzunguka.

"Nani kachonga hii?" aliuliza.

Mwenye karakana alimwonyesha kwa kidevu. Yule mama akamshika mkono yule kaka, akamwambia kwamba msimu uliopita alimtukana sana bila kumjua, na kwamba amsamehe. Kaka akasema hakusikia matusi, Ubaruku ni mbali. Tulicheka sote, na mzee naye.

Mzee hakuwahi kumwomba radhi mbele yangu. Sijui kama alifanya hivyo wakiwa wawili. Najua kazi ya msumeno alimpa mtu mwingine, na kwamba ufunguo wa kabati la umeme ulihamia kwenye mkufu wa funguo wa yule kaka.

Mimi niliomba radhi yangu siku ya kuondoka, tukiwa tunaosha mikono kwa sabuni ya unga kwenye beseni. Nilimwambia kwamba nusura apoteze kazi kwa ajili ya dakika kumi zangu. Alijikausha vidole kimoja kimoja.

"Dada, ungebonyeza themanini, mimi nisingejua," alisema. "Na yeye asingejua. Basi."

Kisha akanipakia mfuko wa viazi vya shambani kwake, vyekundu, bado vina udongo, nikavibeba hadi Iringa miguuni mwangu.

Siku hizi siitwi Mbeya mara nyingi. Mara ya mwisho yule kaka aliponipigia ni kunieleza kwamba mhimili wa pili, ule unaokwenda kwa urefu wa shafti, umeanza kupoteza hatua mbili. Alikuwa ameshapima kwa kijipira na grisi, skrubu haitembei, kwa hiyo si beringi. Ni nati ya skrubu yenyewe, ile inayotembea juu yake na kubeba kisu. Hakutaka niende. Alitaka kujua tu ni duka gani la Dar lililo na nati za mashine za zamani. Nilimtajia, akarudia jina polepole huku akiandika, tukaulizana habari za nyumbani, tukaagana.